Jua la Kishapu na karasha la Nyarugusu (Sehemu ya 2)

Umeme wetu mwingi huzalishwa mashariki ya nchi. Gesi huchomwa Ubungo na Kinyerezi, na maji ya Rufiji huzungusha mitambo 9 ya Bwawa la Julius Nyerere yenye uwezo wa megawati 2,115. Mkazi wa Kambarage, mjini Shinyanga, yuko mamia ya kilomita kutoka huko, na waya ukirefuka, umeme mwingi zaidi hupotea njiani ukiwa joto.

Ndiyo maana mradi wa jua wa kijiji cha Ngunga, wilayani Kishapu, ni muhimu kuliko ukubwa wake. Mkataba wake ulisainiwa mwaka 2023: megawati 50 kwanza, 150 awamu zote zikikamilika. Ni umeme wa kuzalishwa karibu zaidi na migodi ya Shinyanga na Geita. Tena, mchana jua likifanya kazi, maji ya bwawani yanatunzwa, usiku yanafunguliwa. Waliopitia mgawo wa mwaka 2006, mabwawa yalipopungukiwa maji, wanajua thamani ya akiba hiyo.

Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita kwa miaka mingi uliendeshwa kwa jenereta za mafuta. Njia ya kilovoti 220 kutoka Bulyanhulu imeleta gridi hadi Geita, na hiyo ni hatua ya kupongezwa kwa moyo wote.

Lakini twendeni Nyarugusu, humohumo Geita, kwa wachimbaji wadogo. Umeme wa vijijini unaounganishwa kwa shilingi 27,000 ni wa njia moja. Taa zinawaka, simu zinachajiwa, redio inaongea. Mota kubwa ya karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, inahitaji njia tatu, na gharama ya kuunganishwa ni nyingine kabisa. Kwa hiyo nguzo inaweza kupita mlangoni na mwenye karasha akaendelea kununua dizeli, sawa na anayevuta maji kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia. Gharama ya dizeli mara nyingi hukatwa kwanza, kabla mifuko ya mawe haijagawanywa, hivyo dizeli ikipanda bei anayeumia ni aliyeshuka shimoni.

Kuhesabu vijiji vilivyofikiwa na nguzo hakutoshi. Wakala wa Nishati Vijijini na TANESCO wahesabu pia makarasha, kisha wapeleke transfoma na laini za njia tatu yalipokusanyika, na gharama ya kuunganisha ilipwe kidogo kidogo kupitia luku. Hapo dizeli itaondoka bila kupigwa marufuku.