Mifupa ya Mtoto Ina Mafundi Wake

Wengi wetu hudhani mfupa ni kama jiwe la msingi: ukishawekwa, umewekwa. Sivyo. Mfupa uko hai, na ndani yake mna chembechembe zinazofanya kazi usiku na mchana.

Kuna wabomoaji. Hawa hujishikiza kwenye mfupa uliochakaa, hutoa asidi na kuuyeyusha kidogo kidogo kwa muda wa wiki kama tatu. Nyuma yao huja wajenzi, ambao huweka utando laini, kisha utando huo hujazwa madini ya kalsiamu mpaka ukawa mgumu. Wao huhitaji miezi mitatu au zaidi. Baadhi ya wajenzi hubaki wamezikwa humo humo walimojenga, na hao ndio wasimamizi: mtoto akiruka kamba, huhisi uzito na kuagiza pa kuongezwa nguvu.

Je, ni kweli mtoto anayenyonya humaliza mifupa ya mama? Kuna ukweli kidogo. Unaponyonyesha, wabomoaji huwazidi wajenzi, na kalsiamu huchotwa mifupani iingie kwenye maziwa. Lakini ukishaachisha, wajenzi huirudisha katika miezi inayofuata. Kwa hivyo usimwachishe mtoto kwa hofu hiyo.

Hatari yenyewe ni wajenzi kukosa vifaa. Bila vitamini D, mwili haufyonzi kalsiamu vizuri, utando hubaki laini, na miguu hupinda kwa uzito wa mtoto. Vitamini hiyo hutengenezwa kwenye ngozi kwa nguvu za jua. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, hayana ya kutosha. Mtoto anayefungiwa chumbani kutwa wakati mama yuko kibaruani ndiye anayeumia. Mwambie anayekulelea amtoe nje kidogo kila siku, mwendo wa saa tatu au saa nne asubuhi, mikono na miguu ikiwa wazi. Si lazima aungue!

Akishatimiza miezi sita, mchanganyie omena waliosagwa pamoja na mifupa yao, na umpikie uji wa wimbi.

Miguu kupinda kidogo kabla ya miaka miwili ni kawaida. Lakini ukiona vifundo vya mikono vimevimba, utosi umechelewa kufunga, au mtoto amechelewa kutembea, usimkande wala kumfunga vijiti. Mpeleke kliniki na kadi yake. Akitibiwa mapema, miguu mara nyingi hunyooka yenyewe kadiri anavyokua.