Kusugua mapaa ya asbesto kunawahatarisha wanafunzi

Mvua ndefu zinapokwisha katika nyanda za juu, hasa sehemu za Limuru, Molo na Kericho, mapaa ya majengo makuukuu huvaa rangi ya kijani. Ni mimea midogo mno, isiyo na mizizi ya kweli, ambayo hutanda kama zulia upande usiopigwa sana na jua. Wako walimu wakuu wanaoiona kuwa aibu, hususan siku ya wazazi inapokaribia, na dawa yao ni moja: kuwapandisha wavulana paani wakiwa na brashi za waya.

Jambo hili nalipinga kabisa, wala si kwa hofu ya kuanguka pekee, ijapokuwa paa la asbesto lililozeeka huweza kuvunjika chini ya mguu bila onyo. Asbesto ni nyuzi za madini zilizochanganywa na saruji, nyuzi nyembamba kuliko unywele. Zikiwa zimeshikwa barabara na saruji hazirukiruki ovyo. Lakini saruji hiyo huliwa na mvua mwaka baada ya mwaka, na brashi ya waya huja kumalizia kazi. Vumbi linalotoka huvutwa mapafuni, na nyuzi hubaki humo. Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza waziwazi kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani, nao ugonjwa huweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40. Mvulana aliyesugua paa akiwa na miaka 17 huenda akaanza kukohoa akiwa na wajukuu, na sidhani kuna daktari atakayemwuliza habari za siku ya wazazi.

Mwalimu mkuu mmoja aliwahi kunijibu kwamba wageni huipima shule kwa usafi wake. Namwelewa, kwani hana fedha za kuezeka upya. Hata hivyo, kijani hicho kinamdhuru nani? Huhifadhi unyevu na kuziba mifereji ya maji, basi.

Huko Marekani, ambako nyumba nyingi huezekwa kwa vigae vya lami, watengenezaji wenyewe huwakataza wenye nyumba kutumia mashine za maji ya nguvu, kwa kuwa hung'oa changarawe zinazokinga kigae. Hushauri dawa ya klorini inyunyiziwe taratibu, uoto ufe wenyewe. Ikiwa kigae cha lami huhurumiwa hivyo, sembuse asbesto iliyochakaa juu ya vichwa vya watoto?

Kanuni za usimamizi wa taka za mwaka wa 2006 ziliihesabu asbesto miongoni mwa taka za hatari. Kuiondoa ni kazi ya wenye leseni, si ya kidato cha tatu, wala si adhabu ya waliochelewa gwarideni. Bodi za shule ziidai serikali fedha za kazi hiyo, zikianza na mabweni, ambako watoto hulala usiku kucha. Kwa sasa, matawi yanayolitia paa kivuli yakatwe ili jua lifike, na vipande vilivyovunjika visitumiwe kujaza mashimo ya njia. Kijani kiachwe kilipo.