Sinthesaiza Mbele ya Kamera

Ala nyingi za muziki hujieleza zenyewe kwa mtazamaji: anayemtazama mpiga gambusi huona nyuzi zikidonolewa, anayetazama ngoma huona ngozi ikipigwa, na anayesikiliza zumari huona mashavu ya mpulizaji yakijaa pumzi. Sinthesaiza, yaani ala inayotengeneza sauti kwa mikondo ya umeme, haina faida hiyo, kwa sababu kinachotoa sauti kimefichwa ndani ya sanduku. Ndiyo maana maonyesho ya televisheni ya miaka ya 1970 na 1980, ambayo wapenzi wa muziki huu huyatafuta hadi leo na kuyatazama tena na tena, yana thamani inayozidi burudani, kwani ndiyo yaliyowawezesha watu wa kawaida kuhusisha sauti hizo ngeni na mikono ya binadamu. Hata hivyo, maonyesho hayo ni ushahidi unaopaswa kupimwa kwa makini, kwa kuwa mara nyingi kilichoonekana kwenye kioo hakikuwa chanzo cha kilichosikika.

Mhandisi Mmarekani Robert Moog alianza kuonyesha vifaa vyake vya sauti mwaka 1964, wakati ambapo sinthesaiza ilikuwa kabati kubwa lenye nyaya nyingi za kuunganishwa kwa mkono. Mwaka 1970 kampuni yake ilitoa Minimoog, ala ndogo ya kubebeka ambayo wapiga muziki wengi waliifanya kipimo cha sinthesaiza zilizofuata. Ndani yake mna vizalisha mawimbi vitatu, navyo ni saketi zinazoufanya umeme utetemeke kwa kasi inayolingana na noti iliyobonyezwa. Mawimbi hayo hupitia kichujio, ambacho hufanya kazi kama kifumbu cha kukamulia tui, kwa maana kwamba huzuia sehemu kali za sauti na kuruhusu zilizo nzito zipite, na mpigaji huamua kwa kuzungusha kitufe ni kiasi gani kizuiwe. Hatimaye saketi nyingine huamua sauti ianze kwa ghafla au polepole, idumu kwa kiwango gani, na ififie kwa muda gani baada ya kidole kuondoka.

Muundo huo unaeleza mengi yanayoonekana katika picha za zamani. Kwa kuwa Minimoog hutoa noti moja tu kwa wakati mmoja, mkono wa kulia hupiga mstari mmoja wa sauti, huku wa kushoto ukikaa kwenye magurudumu mawili yaliyo pembeni mwa vibonye, moja la kupindisha noti juu au chini na jingine la kuitetemesha. Mtazamaji anayeujua mpangilio huu anaweza kusikia noti ikipinda na papo hapo akauona mkono wa kushoto ukisogea, na hapo sauti iliyodhaniwa kuwa ya mashine hujulikana kuwa ni ya mtu.

Mfano wa mapema wa televisheni kuieleza sinthesaiza ulitokea mwaka 1975, pale kipindi cha sayansi cha BBC kiitwacho Tomorrow's World kilipowaonyesha Kraftwerk, kundi la Wajerumani kutoka Düsseldorf, wakipiga wimbo wao Autobahn. Kuwekwa kwao katika kipindi cha sayansi kunaonyesha kwamba wakati huo muziki wa aina hii ulitazamwa kwanza kama uvumbuzi, kisha kama sanaa. Wanaume nadhifu waliovaa suti walionekana wakigusa kwa fimbo za chuma vibao vidogo vilivyotoa midundo, kila mguso ukiunganisha saketi ya umeme, na watazamaji waliarifiwa kwamba kundi hilo lilitarajia kutengeneza makoti ambayo kola zake zingepigwa kwa kuguswa.

Miaka minne baadaye sinthesaiza iliingia katika burudani ya kila nyumba. Gary Numan, kijana wa London, alikuwa amekwenda studio kurekodi muziki wa panki wa magitaa, naye ameeleza mara nyingi kwamba huko alikuta Minimoog iliyoachwa, akabonyeza kibonye na kushangazwa na uzito wa sauti. Tukio hilo lilitegemea bahati kuliko linavyodhaniwa, kwa sababu Minimoog haikuwa na kumbukumbu ya kuhifadhi sauti: alichokisikia Numan ni mpangilio wa vitufe ulioachwa na aliyemtangulia, na vingekuwa vimewekwa vinginevyo pengine angeondoka bila kuvutiwa. Mei 1979 yeye na kundi lake la Tubeway Army walionekana katika Top of the Pops, kipindi cha BBC kilichoanza Januari 1964, wakiwa na wimbo Are 'Friends' Electric? Alivaa nguo nyeusi, uso umepakwa poda, akasimama karibu bila kusogea wala kutabasamu, na wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa majuma manne. Mwenendo huo ulifaulu kwa sababu ulilingana na sauti yenyewe: ala isiyodai nguvu za mwili ilipata mpigaji aliyekataa kujifanya anatoka jasho.

Hapa ndipo suala la ukweli wa maonyesho linapojitokeza. Top of the Pops haikuwa tamasha la moja kwa moja kwa maana kamili, bali sehemu kubwa ya muziki wake ilikuwa pleibeki, yaani rekodi inayochezwa huku wasanii wakiigiza kuupiga. Kwa miaka mingi chama cha wanamuziki cha Uingereza kilidai rekodi hiyo iandaliwe upya kwa ajili ya kipindi, ili wapigaji wasipoteze kazi, na hofu hiyohiyo ililifanya tawi lake la London ya kati kupitisha mwaka 1982 azimio la kutaka matumizi ya sinthesaiza yazuiwe. Kwa mpenzi wa ala hizi, matokeo ya utaratibu huo ni kwamba sinthesaiza inayoonekana jukwaani si lazima iwe ndiyo iliyotumika studioni, na kukosekana kwa waya nyuma ya ala mara nyingine ni ushahidi tosha kwamba haikuwa imeunganishwa popote.

Uhusiano kati ya mkono na sauti ulilegea zaidi teknolojia ilipobadilika. Prophet-5 ya mwaka 1978 iliweza kupiga noti tano kwa pamoja na kuhifadhi sauti katika kumbukumbu, na Yamaha DX7 ya mwaka 1983, iliyotumia ugunduzi wa John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford, ilikuja na sauti 32 zilizokwisha kutayarishwa na vibonye bapa mahali pa vitufe vya kuzungusha. Tangu hapo wapigaji wengi walichagua sauti badala ya kuiunda, na kamera ikabaki na machache ya kuonyesha. Urithi wa mabadiliko hayo unasikika hata katika taarab ya kisasa ya pwani ya Afrika Mashariki, ambamo kinanda kimoja chenye sauti zilizotayarishwa hushika nafasi ya fidla, filimbi na midundo kwa pamoja.

Mengi ya maonyesho ya awali hayawezi kutazamwa tena, kwani kanda za video zilikuwa ghali na BBC ilizifuta ili izitumie upya, hata vipindi vingi vya Top of the Pops vya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 vikapotea. Yaliyosalia yasichukuliwe kuwa kumbukumbu kamili ya namna muziki ulivyopigwa, kwani kwa hilo santuri ni shahidi bora zaidi. Thamani yake ni kuonyesha jinsi jamii ilivyotambulishwa kwa ala isiyo na uzi wala ngozi, na katika jambo hilo hata onyesho la pleibeki linasema kweli, maana mamilioni ya watazamaji waliamini walichokiona na wengi wao wakaizoea sauti hiyo kwa sababu walikuwa wamemwona anayeipiga.