Fasili ya Kikomo Mwanzoni mwa Muhula: Nafasi ya Upatanisho wa Ngeli katika Kufundisha Hisabati Chuoni

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeanza muhula wa hisabati chuoni hukutana mapema na fasili ya kikomo cha mfuatano wa namba. Asipoielewa, huendelea kuhudhuria mihadhara, hunakili thibitisho ubaoni, na huweza hata kufaulu jaribio la kwanza kwa kukariri; lakini sehemu kubwa ya kalkulasi imejengwa juu ya fasili hiyo. Makala haya yanashikilia kwamba ugumu wake ni wa sentensi zaidi kuliko wa hesabu, na kwamba sarufi ya Kiswahili ina nyenzo ya kuupunguza.

Tuchukue mfuatano 1, 1/2, 1/3, 1/4 na kuendelea, ambao kikomo chake ni sifuri. Mtu akidai umbali wa 1/100, tunamjibu kuwa baada ya nafasi ya 100 namba zote zimo ndani ya umbali huo kutoka sifuri. Akidai 1/1000, tunasogea hadi nafasi ya 1000. Anayedai hutangulia, anayejibu hufuata. Fasili yenyewe husema hivi: kwa kila umbali uliozidi sifuri, ipo nafasi katika mfuatano ambayo baada yake namba zote zimo ndani ya umbali huo kutoka kwenye kikomo.

Sasa tugeuze mpangilio: ipo nafasi katika mfuatano ambayo baada yake, kwa kila umbali uliozidi sifuri, namba zote zimo ndani ya umbali huo kutoka kwenye kikomo. Maneno ni yaleyale, ila sasa nafasi moja inatakiwa ikidhi madai yote. Mfuatano pekee unaoweza kutimiza sharti hilo ni ule ambao, baada ya nafasi fulani, namba zake zote ni sawa na kikomo chenyewe; mfuatano wetu hapo juu haumo. Hakuna mwanachuo anayechanganya “kila mwanafunzi ana mshauri wake” na “yupo mshauri mmoja wa wanafunzi wote” (mshauri mwenyewe hawezi kuzichanganya kamwe). Tofauti ni ileile.

Hapa ndipo ngeli zinapofaa. Katika fasili yetu umbali unachukua u-, nafasi inachukua i-, kikomo kinachukua ki-, na namba, kwa wingi, zinachukua zi-. Kwa hiyo “huo” hauwezi kurejelea ila umbali, na “ambayo” haiwezi kurejelea ila nafasi. Kiingereza, chenye kiwakilishi kimoja kwa vitu vyote visivyo na uhai, hulazimika kutegemea herufi tangu mwanzo. Hatupendekezi alama ziachwe. Tunapendekeza zisomwe baada ya sentensi kueleweka. Kwa Mtanzania aliyesoma namba na sehemu kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya umma, kisha akahamia Kiingereza sekondari, au kwa Mrundi aliyezoea Kifaransa, hatua hiyo si ndogo.

Hata hivyo, istilahi yenyewe ina mtego. Katika matumizi ya kawaida, kikomo ni mahali jambo linapoishia, mpaka usiovukwa. Mfuatano -1, 1/2, -1/3, 1/4 na kuendelea huvuka sifuri kwa kila hatua wala hauishii hapo, na bado kikomo chake ni sifuri. Maneno ya Kiingereza na Kifaransa yana mtego huohuo. Mfano huu uandikwe ubaoni katika mhadhara uleule wa fasili.

Zoezi la wiki ya kwanza liwe kukanusha: mfuatano hauna kikomo sifuri ikiwa upo umbali uliozidi sifuri ambao, kwa kila nafasi, ipo namba baada ya nafasi hiyo iliyo nje ya umbali huo kutoka sifuri. “Kwa kila” imekuwa “upo”, na “ipo” imekuwa “kwa kila”. Mhadhiri aangalie kwamba hapa nafasi na namba, zote zikiwa katika umoja, huchukua i-. Upatanisho hauzitenganishi tena, na “iliyo” huweza kusomwa kama sifa ya nafasi. Ni vyema basi nomino irudiwe: namba iliyo nje.