Fahamu: Kwa nini bustani za burudani zinazojengwa kwa kufuata filamu huvuta umati?

Mei 2025, kampuni ya Universal ilifungua bustani mpya ya burudani, Epic Universe, mjini Orlando, Marekani. Sehemu yake mojawapo inafuata ulimwengu wa Harry Potter. Watu husafiri mbali kuona kile walichokwisha kukitazama kwenye skrini. Wanafuata nini?

Kuingia ndani ya hadithi. Tangu 2010, wageni wa bustani nyingine ya Universal mjini Orlando wanatembea katika Hogsmeade, kijiji cha hadithi za Harry Potter, wananunua fimbo za kichawi na kunywa kinywaji wanachokunywa wahusika. Mtazamaji anageuka mshiriki.

Umakini wa wajenzi. Kuta, harufu, muziki na mavazi ya wahudumu husimulia jambo moja. Disney nayo ilifungua Pandora, ulimwengu wa filamu ya Avatar, mwaka 2017.

Biashara. Mwaka 2014 Universal iliunganisha bustani zake mbili za awali za Orlando kwa Hogwarts Express, treni ya hadithi za Harry Potter. Kuipanda lazima uwe na tiketi ya bustani zote mbili.

Mvuto wenyewe ni wa kweli: hadithi tuipendayo hututamanisha kuigusa, na wazazi na watoto huifurahia pamoja.