Ratiba Hai na Msafiri Asiyeona

Ratiba hai ya usafiri, yaani ile inayojibadilisha yenyewe kwenye tovuti kadiri treni zinavyochelewa au kufutwa, humfaa zaidi msafiri asiyeweza kuusoma ubao wa stesheni, na mara nyingi ni yeye huyo anayefungiwa nje. Asiyeona hutumia kisoma-skrini, programu inayogeuza maandishi kuwa sauti, ambayo ikishausoma mstari haiurudii kutazama kilichogeuka, isipokuwa imeelekezwa hivyo. Treni ya saa 11:42 jioni ya kutoka London Victoria kwenda Brighton ikihamishwa, kwa mfano, kutoka jukwaa la 15 hadi la 18, mwenye macho ataziona tarakimu zikibadilika, ilhali mwenzake ataendelea kulifuata la 15.

Dawa imo katika kanuni ziitwazo ARIA, zilizoidhinishwa mwaka 2014 na W3C, shirika linaloweka viwango vya kurasa za intaneti. Kwa kanuni hizo mtengenezaji huitia alama sehemu inayobadilika, kisha huchagua iwapo tangazo lisubiri sauti imalize kusoma au liikatize. Kosa la kawaida, tena hufanywa kwa nia njema, ni kuutia alama hiyo ubao mzima: dakika zinapopungua mashine hupayuka "dakika nne, dakika tatu" kwa kila treni, mpaka msafiri huizima kabisa. Linalostahili kutangazwa ni lile tu linalogeuza safari, kama vile kufutwa, kuchelewa au kuhama jukwaa. Mengine msafiri atayatafuta mwenyewe.

WCAG, mwongozo wa ufikikaji wa tovuti ambao toleo lake la 2.2 lilitoka mwaka 2023, unakataza pia kutegemea rangi pekee, kwa hiyo wekundu wa treni iliyochelewa hauna budi kuandamana na neno "Imechelewa". Vichwa vya jedwali navyo vifungamanishwe na seli zake, ili sauti iseme "jukwaa, 18", kwani "18" tupu yaweza kuwa dakika.

Jijini Nairobi, ambako matatu haziendi kwa saa zilizopangwa, mradi wa Digital Matatus ulichapisha mwaka 2014 ramani ya njia zake, pamoja na takwimu zilizo wazi katika muundo wa GTFS unaotumika duniani kwa ratiba za usafiri. Ramani ndiyo iliyopata sifa, lakini kwa kisoma-skrini ni picha tu. Ni zile takwimu ndizo zinazoweza kugeuzwa orodha ya vituo inayosomeka kwa sauti.