Mabegi tayari, imebaki bahasha moja

BUKOBA. Kutoka Bukoba hadi mpakani Mutukula ni kilomita zipatazo 80, na ukishavuka Masaka haiko mbali. Timu ya netiboli ya wasichana wa sekondari inayojiandaa kwenda huko kwa mechi za kirafiki likizo hii ya Desemba inaweza kuondoka alfajiri na kuingia uwanjani jioni. Dar es Salaam iko mbali zaidi ya kilomita 1,000, lakini kwa safari hiyo hakuna mchezaji ambaye angedaiwa hati ya kusafiria.

Jumamosi mvua ilimzuia mwalimu wa timu asitoke nyumbani kwake Kashai, naye akageuza sebule kuwa stoo. Bukoba ni kati ya miji inayopata mvua nyingi zaidi Tanzania, na msimu huu nguo kukaa siku tatu bila kukauka si habari. Kamba ilifungwa kutoka dirishani hadi mlangoni, sketi 12 zikaning'inia, na chini yake raba zikajazwa magazeti ya zamani ili zinyonywe maji.

Vizibao ndivyo vilivyomchukulia muda. Netiboli haina namba mgongoni. Kila mchezaji huvaa herufi za nafasi yake, na kizibao kimoja kikipotea, seti nzima ya saba imeharibika. WD ya seti nyekundu haikuonekana kwa karibu saa nzima, hadi kijana wa mwalimu alipoitoa ndani ya mfuko wa mipira. Pampu ilikuwepo, sindano yake haikuwepo. Ikaandikwa kwenye orodha ya kununua, chini ya plasta na bandeji.

Wanajua wanakokwenda. Timu ya taifa ya Uganda, She Cranes, ilimaliza nafasi ya 5 Kombe la Dunia la mwaka 2023 kule Cape Town, na mchezo huo una mizizi katika shule za nchi hiyo. "Hatuendi kutafuta kombe, tunakwenda kupimwa," alisema mwalimu huku akikunja soksi.

Mchana mama mmoja alibisha hodi, mwavuli mkononi na kopo la senene kwapani, zawadi kwa wenyeji. Ni msimu wake. Ila Masaka nao ni mji wa senene, tena wanaringa nao. "Asante sana mama," mwalimu alimjibu. "Na wao watatupa wa kwao, tulinganishe."

Hadi hapo yote yalikuwa ya kuanika na kukunja. Mzigo wenyewe ulikuwa mezani, mbali na matone, ndani ya sanduku la plastiki lenye kifuniko: bahasha 12 za kaki. Kila moja inatakiwa iwe na cheti cha kuzaliwa, picha, barua ya ridhaa ya mzazi na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi hiyo haina mjadala. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo aliyechelewa hawezi kuifukuza siku ya mwisho. Nafuu ni kwamba tangu 2016 chanjo moja inatambuliwa kwa maisha yote.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayoahidi watu kusafiri kwa uhuru, ilianza kutumika Julai 1, 2010. Kenya, Uganda na Rwanda zimeruhusu raia wao kuvukiana kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Tanzania haikuingia katika utaratibu huo, hivyo mtoto wa Bukoba anahitaji pasipoti au hati ya dharura. Kituo cha pamoja cha Mutukula, kilichozinduliwa 2017, kimepunguza foleni, kwani ukaguzi wa nchi mbili hufanyika mahali pamoja. Hakikupunguza kilichomo kwenye bahasha.

Bahasha ya 12 ni ya mfungaji, GS, tegemeo la timu. Amelelewa na bibi yake tangu akiwa na miaka mitatu, na bibi hana karatasi ya kisheria ya ulezi. Mama anafanya kazi dukani Kampala. Karatasi ya kumruhusu binti avuke mpaka inasubiriwa kutoka ng'ambo ya mpaka huohuo. Mama alituma picha ya barua kwa simu, ikaonekana haitoshi. Inatakiwa barua yenyewe, yenye saini yake.

Mchezaji wa akiba yupo na karatasi zake zimekamilika. Si mrefu, lakini analenga vizuri. Kumteua kungemaliza kazi.

"Nikimwacha yule, nitakuwa nimemwacha kwa sababu mama yake anafanya kazi nchi jirani," mwalimu alisema. "Si kwa sababu ya mpira."

Jioni bibi alipiga simu. Barua imekabidhiwa kwa dereva wa basi la usiku kutoka Kampala, na mjukuu wake mwendesha bodaboda ataipokea Mutukula Jumapili asubuhi. Maombi ya hati yanapelekwa Jumatatu, ofisi zikifunguliwa. Mwalimu ameandika orodha mbili za majina 12, zinazotofautiana kwa jina moja.